Sauti Zilizokwama

Tangu Jumamosi asubuhi taa ndogo nyekundu za simu za wodini hazikuwaka hata moja, na Jumatatu kabla ya chai ya asubuhi kila mtu hospitalini alikuwa ameshapata wa kumlaumu. Madaktari waliwalaumu wauguzi. Wauguzi walimlaumu mpokea simu. Mpokea simu, ambaye wote walimwita Mama Simu, hata mkurugenzi, hakuwa na mtu chini yake wa kumsukumia, kwa hiyo alikaa nyuma ya kioo cha mapokezi akapokea lawama kama alivyopokea simu: moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Ndugu wa mgonjwa akipiga, Mama Simu humuunganisha na wodi. Wodi wasipopokea, mashine humwambia aache ujumbe baada ya mlio. Sauti yake huhifadhiwa kwenye seva, iliyokaa kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, na papo hapo taa huwaka kwenye simu ya wodi. Muuguzi akiiona anabonyeza, anasikiliza, anampigia mtu wake. Walikuwa wameizoea taa ile kiasi kwamba isipowaka, kwao maana yake hakuna aliyepiga. Ndiyo maana Jumamosi na Jumapili zilipita kimya, na wauguzi wakasema afadhali, leo wamepumzika.

Aliyeuvunja ukimya huo ni mwanamume mmoja aliyefika mapokezi kofia mkononi, macho mekundu, na nyuma yake ndugu kama basi zima.

"Nataka kuonyeshwa mwili," alisema.

"Mwili wa nani, kaka?"

"Wa mke wangu. Nimepiga wodi ya wazazi tangu juzi. Nimeacha ujumbe, nimeacha tena, nimeacha tena. Hakuna aliyenipigia. Hospitali ikinyamaza, mtu unajua. Nimeshawaita watu."

Mama Simu aliinua simu akaita wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo, Sista, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona, alishuka ngazi mwenyewe.

"Mkeo mzima, mtoto mzima, na ameninunia mimi siku mbili kwamba mumewe hata simu hapigi!" alisema Sista. Mwanamume yule aliketi sakafuni palepale. Ndugu zake, waliokuja na nyuso za msibani, hawakujua wazifanye nini nyuso hizo. Sista aligeukia kioo. "Na wewe Mama Simu, unalala humo ndani? Mtu anataka kuzika mke aliye hai!"

"Mimi namuunganisha, Sista. Maneno yakifika kwenu ni yenu."

"Hayajafika. Taa haikuwaka."

"Basi uliza taa."

Ilibidi aitwe Mtaalamu. Hilo ndilo jina walilompa wafagizi, kwa sababu ya tai yake ambayo hailegei hata kwenye joto. Alitoka kwenye kampuni iliyopewa kazi ya mitambo ya hospitali mwanzoni mwa mwezi. Alijifungia na seva, akatoka akijifuta paji la uso.

"Mlango wa mbele unafanya kazi," aliwaeleza waliokusanyika koridoni. "Mtu akipiga, anapokelewa, sauti yake inanaswa. Lakini huduma za ndani zimesimama. Ile inayogawa ujumbe kwa kila sanduku imesimama, na ile inayowasha taa imesimama. Naziwasha, zinainuka, zinalala tena."

"Kama mtu mwenye homa," alisema Sista.

"Kama kitu kilichoguswa," alisema Mtaalamu.

Hakutaja aliyegusa. Hakuna aliyeuliza. Macho yote yalizunguka yakatua kwa Mama Simu, kisha yakaondoka haraka, kwa adabu. Kwa sababu kabla ya kampuni ile kuja, aliyeilea seva tangu siku ilipofungwa alikuwa mumewe, Fundi. Nafasi yake ilifutwa, na Ijumaa, siku moja tu kabla ya taa kuzimika, alikuwa amekuja kurudisha funguo.

*

Mkurugenzi alikuwa daktari wa zamani mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa. Watu walimwogopa zaidi akiwa mpole.

"Kaa, mama. Kaa vizuri, kiti hakiumi. Mumeo hajambo?"

"Hajambo, daktari."

"Amepata pa kujishikiza?"

"Chuo cha ufundi wanamtaka. Wanasubiri tu kuuliza huku tabia yake."

"Watanipigia mimi." Alisogeza kalamu. "Nitawaambia nini?"

Mama Simu aliitazama kalamu.

"Ijumaa mumeo hakuja moja kwa moja kwa katibu wangu. Mlinzi alimwona akiingia chumba cha seva. Akajifungia. Alikaa humo, mama, hakutoka upesi. Kesho yake asubuhi mashine imelala. Wewe ungekuwa mimi ungewaza nini?"

"Ningemuuliza mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Unalala naye."

Neno hilo alilisema kwa upole uleule, na Mama Simu akahisi kama amevuliwa kilemba hadharani.

"Sijui lolote, daktari."

"Sijataka jibu sasa hivi. Nenda nyumbani, msikilize, mtazame. Bodi inakutana kesho mchana, na wataniuliza kama niwaite polisi. Kama huwezi kusema mbele yangu, naelewa, ni mumeo. Tuna ile namba ya siri ya wafanyakazi. Piga, sema unachojua, nitasikiliza peke yangu. Lakini nisiposikia chochote kutoka kwako kabla ya mkutano," alisema akisimama kumfungulia mlango, "itakuwa vigumu kuwaeleza wajumbe kwa nini mke wa mtu huyo bado ameshika simu za hospitali."

Mama Simu alifika katikati ya korido ndipo akakumbuka. Ile namba ya siri nayo ni sanduku tu kama masanduku mengine. Limo ndani ya seva ileile iliyolala. Mkurugenzi ama hakujua ama amesahau. Mama Simu alisimama, akageuza shingo kuutazama mlango uliofungwa, akasema moyoni, hayo si yangu, akaendelea na safari.

*

Nyumbani alimkuta Fundi kibarazani amefungua pasi ya jirani, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria. Mama yake Fundi, ambaye ni bibi wa nyumba nzima na msemaji wake pia, alikuwa amekaa mkekani akimsimamia.

"Mashine imelala," alisema Mama Simu kabla hajavua viatu.

"Ipi?"

"Unaijua."

Fundi hakuinua kichwa. "Imelala yote, au kuna vinavyofanya kazi?"

"Watu wanasikia mlio, wanaacha maneno, maneno hayafiki. Leo mtu kaja kuchukua mwili wa mkewe anayenyonyesha ghorofani."

Fundi alitoa sauti puani. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwa kicheko.

"Unacheka nini?"

"Sijacheka."

"Kacheka," alisema Bibi. "Nimemsikia, masikio yangu mazima. Na acheke! Si walimfukuza?"

"Hawakunifukuza, mama. Walifuta nafasi."

"Kufuta nafasi ndiyo kufukuza kwa Kiswahili cha suti."

Mama Simu alikaa kwenye kigoda mbele ya mumewe, magoti yakakaribia skrubu. "Ijumaa, funguo ulimpa nani?"

"Katibu."

"Ulipitia wapi?"

Sasa Fundi aliinua kichwa. Alikuwa na uso wa mtu anayepima waya kama una umeme. "We mama watoto, umeajiriwa polisi?"

"Nauliza tu."

"Nilipita mlangoni, kama watu. Nikampa katibu funguo. Nikarudi. Kuna lingine?"

"Hakuna lingine."

Lingine lilikuwepo, na lilikuwa kubwa. Kama angesema, nilichungulia chumba cha seva kidogo, angemwamini hadi mwisho wa dunia. Lakini alimwangalia usoni akaruka chumba hicho kama mtu anayeruka dimbwi. Na Mama Simu akakumbuka siku mumewe alipoletewa barua ya kufutwa: alikunja koti lake, akasema, si kwa hasira, "Watanitafuta." Siku ile alidhani ni maneno ya mtu aliyeumia. Leo maneno hayohayo yaligeuka ubavu wa pili.

Fundi alipokwenda kuoga, Mama Simu aliingia chumbani akafungua begi la kazi la mumewe. Bisbisi. Koleo. Waya zilizofungwa mpira. Brashi ya kufutia vumbi, kitambaa, sabuni. Alipapasa mifuko ya ndani bila kujua kitu cha kuzimia mashine kinafanana vipi.

"Unatafuta nini humo?" Bibi alikuwa mlangoni.

"Kiberiti, mama."

"Kiberiti kiko jikoni tangu uolewe." Bibi aliingia akakaa kitandani. "Mwanamke akipekua begi la mume, anatafuta mwanamke. Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Basi unatafuta nini?"

"Natafuta kujua, mama. Wanasema ameiharibu mashine. Wanataka kumwitia polisi, na mimi waniondoe. Tukikaa wote wawili hapa kibarazani, tutakula nini, pasi za majirani?"

Bibi aliwaza. "Na wewe unasemaje? Kaiharibu?"

Mama Simu alifunga zipu. Maji yaliendelea kumwagika bafuni. "Wewe ndiye uliyemzaa," alisema. "Niambie wewe."

"Mimi nilimzaa," alisema Bibi, akijinyanyua kwa kushika ukingo wa kitanda. "Sijawahi kufanya naye kazi."

*

Asubuhi, kabla foleni ya wagonjwa haijajaa, Mama Simu alimwachia kiti msaidizi wake akaenda stoo ya mashuka, ambako kuna simu ya ukutani isiyotumika sana. Alikuwa amelipanga jambo lake usiku kucha, na alijiona mjanja. Mkurugenzi kasema piga. Atapiga. Akiulizwa atajibu kwa kifua kipana: nimepiga, nimesema. Na kwa kuwa mashine imelala, atakayoyasema hayataenda popote. Atakuwa ametii, na atakuwa hajamsaliti mtu. Alikusudia kusema maneno machache tu: ni mimi wa mapokezi, sijui lolote, asante.

Mashine ilimwambia aache ujumbe. Mlio ukalia. Kulikuwa na harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi, na hakuna mtu.

"Daktari, ni mimi wa mapokezi," alisema. "Nimemuuliza kama ulivyosema. Amenificha. Nimemuuliza alipita wapi akanitazama machoni na hakutaja chumba cha seva. Siku aliyotoka kazini alisema mtamtafuta. Mashine ile aliipenda, daktari, kuliko kitu chochote tulicho nacho nyumbani; mimi nilikuwa napewa salamu, yenyewe ilikuwa inafutwa vumbi. Hawezi kuvumilia mkono wa mtu mwingine juu yake. Naishi naye miaka yote hii na sijui anaweza kufanya nini. Kama ni yeye, ni yeye. Mimi naomba tu kazi yangu."

Alirudisha mkono wa simu ukutani. Hakujua maneno yote yale yalikuwa yamekaa wapi, wala nani aliyeyapa ruhusa ya kutoka.

*

Alipoitwa chumba cha seva kushuhudia majaribio ya simu, alimkuta mumewe ameshafika, shati limepigwa pasi, amesimama katikati ya Mtaalamu na Mkurugenzi kama mwanafunzi aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Mlinzi alikuwa mlangoni, kwa ajili yake.

"Tazama mwenyewe," Mtaalamu alimwambia Fundi, akigeuza kioo cha kompyuta. "Kila nikiwasha huduma hizi, mashine inaandika sababu ileile. Imekataliwa kuingia. Na anayekataliwa kuingia si mtu mwingine, ni wewe. Zinaendeshwa kwa jina lako."

"Yaani aliifunga mashine ya hospitali kwa jina lake," alisema Mkurugenzi taratibu, "ili siku akiondoka, nayo iondoke. Huo kwa lugha ya kawaida ni mtego."

Fundi aliinama. Alisoma mstari, akausoma tena. Halafu akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi la kusikika hadi koridoni.

"Lo! Mjinga mimi."

"Unakubali?"

"Nakubali ujinga, daktari, si mtego. Huduma hizi haziwaki hivihivi. Kila moja lazima iingie kwenye mfumo kwa jina na nenosiri, kama mfanyakazi anavyoingia. Tulipoifunga seva niliomba ipewe jina lake yenyewe. Ofisi ya utumishi wakakataa. Wakasema hawafungui jina bila namba ya ajira, na mashine haijaajiriwa. Nikawaambia basi iajirini. Wakaona nawadharau."

"Hilo ni kweli," alisema Mtaalamu bila kutaka. "Hata mimi wameninyima. Wanataka tarehe ya kuzaliwa ya seva."

"Nikaweka jina langu kwa muda, ili watu wafanye kazi. Kwa muda! Nikapata mambo mengine, nikasahau. Mlipofunga jina langu mwanzoni mwa mwezi, mlizifunga na hizi."

"Mwanzoni mwa mwezi," alisema Mkurugenzi. "Mbona basi zimesimama Jumamosi? Kesho yake baada ya wewe kuingia humu?"

Fundi alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Mtaalamu, ambaye alikuwa ameshaanza kusoma kumbukumbu za mashine kwa kidole. "Jumamosi asubuhi walijaribu jenereta. Umeme ulikatika kidogo, seva ikazima na kujiwasha. Huduma ikishaingia haiulizwi tena, daktari. Ni kama mlinzi wa getini: anakukagua ukiingia, ukiwa ndani unazunguka utakavyo. Zilikuwa ndani tangu zamani. Zilipotoka na kutaka kurudi ndipo zikaambiwa jina hili halipo." Aliendelea kushuka na kidole. "Na mpangilio huu haujaguswa tangu siku mashine ilipofungwa. Ijumaa hakuna aliyeingia kwenye mfumo. Hakuna hata aliyejaribu."

Mlinzi alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Sasa Ijumaa uliingia humu kufanya nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kuaga."

"Kuaga mashine?"

"Nimeishi nayo," alisema Fundi, na hata Mtaalamu akatabasamu.

Mkurugenzi alipiga simu utumishi mwenyewe, na seva ikapewa jina bila kuulizwa umri. Wanaume wawili wakainamia kibodi. Ilibidi huduma ziwashwe kwa mpangilio: kwanza ile inayotunza, ndipo inayogawa, ndipo inayowasha taa, kwa sababu kila moja inaitegemea iliyotangulia. Walisemezana kwa nusu sentensi kama watu waliofahamiana zamani. Mama Simu aliangalia mgongo wa mumewe ulivyolegea kwa furaha. Angepaswa kushangilia. Alikuwa ameshajua kinachokuja.

Alisogea. "Baba watoto."

"Ngoja kidogo."

"Yale maneno yaliyokwama. Yatafutika?"

"Yafutike?" Fundi alijibu kwa fahari, kwa sauti ya kusikika kwa kila mtu. "Hata moja halipotei. Yamepanga foleni pale nje, tukifungua yanaingia yote, kila moja kwenye sanduku lake."

Mama Simu alishusha sauti. "Kuna moja lifute. Kabla hujafungua."

Fundi aligeuka. Mtaalamu naye aliacha kuchapa.

"Nikifuta kitu leo humu ndani," alisema Fundi polepole, "hakuna atakayeniamini tena. Kuna nini?"

Mkurugenzi alikuwa anawatazama. Mama Simu alitazama ukuta. "Hakuna kitu," alisema. "Endeleeni."

Fundi alibonyeza. Kwa muda hakikutokea chochote. Kisha kutoka koridoni walisikia Sista akipiga kelele kwamba simu yake imewaka kama mti wa Krismasi, na mtu mwingine akaitika kutoka ghorofani, na mwingine. Mtaalamu akampa Fundi mkono. Mkurugenzi aliyekuwa amekunja uso tangu Jumatatu alikunjuka, akasema naye anataka kuhakikisha, mkutano umekaribia, hawezi kuwaambia wajumbe habari za kuambiwa. Alibonyeza simu ya mezani, akaingiza namba ya sanduku la siri, akaweka spika ili wote wafurahi.

Sauti ilijaa chumba. *Daktari, ni mimi wa mapokezi.*

Mkurugenzi alinyoosha kidole kuelekea kitufe. Kisha akakirudisha.

Ikasema yote. Ikasema amenificha, ikasema mtamtafuta, ikasema salamu na vumbi. Ilikuwa sauti yake ya kazini, safi, isiyotetemeka, ile ambayo watu hospitalini walisema inatuliza wagonjwa. Mtaalamu alitazama viatu vyake. Fundi alikuwa anakunja waya uliobaki, akizungusha kwenye kiwiko, na hakuacha. Alikunja hadi *naomba tu kazi yangu*, akafunga ncha, akauweka mezani.

"Inafanya kazi," alisema.

*

Jioni hiyo jua lilikuwa bado liko juu ya mabati Mama Simu aliporudi. Bibi alikuwa kibarazani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimwona hana la kusema. Alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Fundi alikuwa mezani, mikono mitupu.

"Chuo wamepiga," alisema. "Mkurugenzi amewaambia mimi ni fundi mzuri, ila msahaulifu. Wamesema niende."

"Asante Mu—" alianza Mama Simu, akaikata. "Ni vizuri."

"Ni vizuri."

Mama Simu alivuta kiti lakini hakukaa. "Nilijua haufiki. Ule ujumbe. Mkurugenzi alinilazimisha, na mimi nilijua mashine imelala. Ndiyo maana nikakubali kupiga."

"Ulijua."

"Nilijua, baba watoto. Haki ya Mungu."

"Sasa kama ulijua haufiki, si ungesema chochote? Ungeimba. Ungewasalimia. Kwa nini ulisema yale?"

"Kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo."

Fundi alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa bei anayoijua. "Sauti uliyotumia ndiyo iliyoniuma. Hujawahi kusema na mimi kwa sauti ile. Mimi unanigombeza, au unaninunia. Yule umemweleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu mzima na mtu mzima."

"Wewe nilikuuliza hapo nje! Nilikuuliza ulipita wapi. Ukaniambia mlangoni, kama watu."

Fundi alianza kukunja mkono wa shati lake.

"Na leo umewaambia ulikwenda kuaga," aliendelea Mama Simu. Alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili. "Wakacheka, wakakuona mtu mwema. Mimi sikucheka. Nakujua ukiaga. Hata mimi huniagi ukitoka. Hukwenda kuaga."

Alidhani atafoka. Badala yake Fundi alitazama meza, akapitisha kidole kwenye ufa wa mbao hadi mwisho wake.

"Sikwenda kuaga," alisema.

Nje, Bibi alikohoa, kisha wakasikia akiburuta mkeka wake kuupeleka mbali na dirisha. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza.

"Nilifunga mlango. Nikafungua kabati la mashine. Sikuhitaji kuingia kwenye mfumo, kule nyuma kuna diski, unazichomoa tu. Sauti zote, za wodi zote. Nikashika ya kwanza. Nikasema, nachomoa, narudisha funguo, naenda zangu, na wao wamwite huyo wa tai."

"Yesu na Maria," alinong'ona Mama Simu, ingawa hakuwa mtu wa kutaja watakatifu.

"Umetaka kujua."

"Nimetaka. Mbona hukuchomoa?"

"Ulipita koridoni. Ulikuwa unacheka na mfagizi. Kile kicheko chako cha kuishiwa pumzi, mpaka unashika ukuta. Nikasikia unashika ukuta, kwa upande wa pili. Nikasema, Jumatatu watakayemkalia kooni si mimi, ni huyu." Aliinua mabega. "Nikafunga kabati."

Mama Simu alikaa hatimaye. Alimtazama mumewe, mtu aliyemshuku, na shaka yake haikukosea sana, na hakujua aanze na samahani ipi, yake au ya mwenzake. Ijumaa ilikuwa siku kama siku nyingine. Foleni, simu, mfagizi na ndoo yake. Alijaribu kujiona akiwa koridoni, mkono ukutani.

"Nilikuwa nacheka nini?"

"Sijui. Mlango ulikuwa umefungwa." Fundi alimsogelea kidogo, kiti kikakwaruza sakafu. "Jaribu kukumbuka."